Kinanda Kimfuate Mpigaji

Natoa maoni katika kurasa zetu za Kiswahili juu ya jambo linalokigawa chama chetu cha muziki muhula huu. Fedha zimechangwa na wanafunzi pamoja na kaka zetu waliosoma hapa zamani, ili tupate vyombo ambavyo mtu mmoja aweza kuvipiga mbele ya watu bila bendi. Wako wanaotaka vinanda viwili, kimoja juu ya kingine, na kompyuta yenye nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. Mimi nasema kinanda kimoja chatosha, na fedha zinazobaki zinunue vitu ambavyo watazamaji hawavitazami.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo lenyewe si geni. Wamisionari walileta vinanda vya mvukuto, na mtu mmoja aliweza kuongoza kanisa zima, miguu yake ikisukuma upepo na vidole vikitoa sauti. Hakungoja umeme. Katika miaka ya 1990 vikundi vya taarab ya kisasa, kama East African Melody, vilitumia vinanda vya umeme mahali pa fidla na vyombo vingine vingi. Huko Kenya nako, mugithi, maana yake treni, mara nyingi hupigwa na mtu mmoja mwenye gitaa na mashine ya mdundo, na watu hucheza wameshikana kwa mstari. Basi mtu mmoja aweza. Swali ni, awe na nini mkononi?

Wanaotetea vinanda viwili husema kwamba kimoja kitatoa piano na kingine tarumbeta, mpigaji asisimame katikati ya wimbo kutafuta sauti. Hoja hii ina uzito. Lakini kinanda cha siku hizi chenye vibonyezo 61, yaani oktavu tano, aghalabu chaweza kugawanywa, mkono wa kushoto upige besi na wa kulia piano. Vingi huweza pia kuhifadhi mpango huo, ukaitwa kwa kitufe kimoja. Na siku fedha zikipatikana, kinanda chetu chaweza kuungwa na kingine, kwa kuwa tangu 1983 watengenezaji wana lugha moja ya kuunganisha vyombo hivi, iitwayo midi. Neno moja tu tusilegeze: vibonyezo viwe vinasikia uzito wa kidole. Kinanda kinachotoa sauti ileile, ukikigusa au ukikipiga, hakimfundishi mtu muziki.

Sasa nitaje vile visivyotazamwa. Pedali ya kurefusha sauti, stendi isiyotikisika, waya za akiba, na zaidi ya vyote, spika yenye betri yake ndani. Umeme wa Bujumbura hukatika, lakini harusi haiahirishwi kwa ajili hiyo. Kinanda kidogo chala umeme haba, na vingine huenda hata kwa betri sita za kawaida. Mwenye njaa ni spika. Nani atasikia vinanda viwili vilivyo bubu? Kadhalika tufikirie uzito. Mwaka 2022 pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zilipoondolewa katikati ya mji, wengi walijifunza kutembea na mizigo yao. Mpigaji wa peke yake ni mchukuzi wa peke yake pia.

Nakuja kwenye kompyuta, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi. Ngoma zetu za kifalme, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, zina mpango wake. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika. Katikati hukaa inkiranya, na ibishikizo huifuata. Mtu anayepiga peke yake yafaa awe inkiranya. Mashine ikiwa amashakwe yake, ikishika mdundo na kubadilisha sauti pale mkono wake wa kushoto unapobadilika, sina ugomvi nayo. Lakini wimbo uliorekodiwa wote humgeuza bwana awe mfuasi. Hukimbizana nao, na ukiisha, naye amekwisha.

Wenzangu watajibu kwamba watu wa siku hizi wamezoea muziki mnene wa redio, na mtu mmoja hawezi kuutoa. Ni kweli, hawezi. Lakini wenye harusi wana simu, na simu ina nyimbo zote hizo. Kwa nini wamlipe mtu? Watamlipa kwa kile ambacho simu haikiwezi. Bibi harusi akichelewa mlangoni, mpigaji hurudia ubeti mpaka aketi. Wazee wakisimama kucheza, hupunguza mwendo. Mwimbaji akianza kwa sauti ya juu mno, humshusha taratibu. Rekodi haina macho.

Nasema haya kwa sababu baadhi yetu tutaondoka hapa mwakani, na si wote tutakaopata kazi au nafasi ya chuo. Kijana wa Buyenzi au Kamenge anayejua kupiga kwa mikono miwili ana kitu cha kuuza siku ya Jumamosi. Anayejua kubonyeza kitufe tu atafukuzwa na mtoto mwenye simu. Fedha hizi zilitolewa zitupe ujuzi, si fahari ya jukwaa.

Kwa hiyo naomba mkutano wetu ujao uamue hivi: kinanda kimoja, spika ya betri, stendi, pedali na waya, na sherehe zetu zisiruhusu wimbo uliorekodiwa kupita kama wimbo uliopigwa. Nanyi kaka zetu mliochanga, mnaojua gharama za maisha ya nje kuliko sisi, andikeni mtuambie kama nimenena sawa. Fedha bado hazijatumika.