Robusta haina kesi ya kujibu

Mjini Arusha, kuidharau robusta ni desturi. Tumezungukwa na arabika, kuanzia mashamba ya Burka hadi vihamba vya Tengeru, Nkoaranga na Poli, kwa hiyo kahawa ya bei nafuu yenye robusta nyingi na arabika kidogo huhukumiwa kabla maji hayajachemka. Nimenunua mchanganyiko wa aina hiyo hapa mjini, punje nzima, nikausaga mwenyewe na kuunywa bila sukari wala tangawizi. Mashtaka ninayoyasikia kila siku hayasimami.

"Robusta ni chungu, basi." Ni kweli kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika: asilimia 2 na zaidi, dhidi ya 1.2 hivi. Lakini kafeini huchangia sehemu ndogo tu ya uchungu. Uchungu mwingi huzaliwa kwenye kikaango, pale asidi za klorojeni zinapovunjwa na moto mkali, na kwa kuwa robusta inazo nyingi zaidi, ndiyo inayoumia zaidi ikiunguzwa. Nilimimina maji yaliyotoka kuchemka, nikasubiri dakika nne, nikachuja. Nilichopata ni karanga za kukaanga, kakao isiyotiwa sukari, na uzito mzuri ulimini. Uchachu ulikuwa haba. Mwishoni kulikuwa na ukavu uliokwaruza koo; hiyo ni dosari na siifichi. Kahawa hiyohiyo nilipoiacha kwenye birika juu ya mkaa, kama ifanyikavyo vijiweni, karanga na kakao vikapotea, ukabaki ukali mtupu. Ipe arabika ya Nkoaranga adhabu hiyo, uone kitakachosalia.

Shtaka la pili ni zito zaidi: kwamba robusta ni duni kwa asili. Kwa asili ipi? Arabika yenyewe ilizaliwa porini kwa mseto wa spishi mbili, na mzazi mmoja ni hiyohiyo robusta, *Coffea canephora*. Anayemtukana mzazi hawezi kumsifu mtoto kwa ukoo wake. Uduni tunaouonja una chanzo kingine, na kinajulikana. Huko Kagera, inakotoka robusta yetu karibu yote, kuna butura: mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huuza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida haipigwi marufuku. Kahawa ikishauzwa hivyo, nani atasubiri iive? Hukwanyuliwa tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, kisha huanikwa juu ya udongo. Ile ladha ya vumbi na gunia watu wanayoiita "ladha ya robusta" huingia hapo. Arabika ya Meru huchumwa nyekundu, humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Tunalinganisha kahawa iliyotunzwa na iliyotelekezwa, halafu tunailaumu mbegu! Na dharau hiyo ndiyo inayoendeleza utelekezaji, kwa sababu mnunuzi anayeamini robusta yote ni sawa hatamlipa zaidi mkulima aliyechuma nyekundu tupu.

Wapo wanaosema robusta si kahawa yetu, ni ya viwandani. Wamisionari Wakatoliki walipopanda arabika Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, Wahaya wa Kagera walikuwa tayari wanaitafuna robusta yao, iliyochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, vizazi na vizazi. Watu wawili waliogawana punje mbili za tunda moja walikuwa ndugu wa damu. Kama kuna kahawa ya kienyeji nchini, ndiyo hiyo.

"Rahisi ni ghali," wanasema, na bei wanaifanya ushahidi. Robusta ni nafuu kwa sababu huzaa sana, hustawi kwenye joto linaloisumbua arabika na hustahimili kutu ya majani, wakati mkulima wa Arumeru anatumia fedha kupiga dawa ya kutu na ya ugonjwa wa chulebuni. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Vietnam, tani moja ya robusta ilivuka dola 4,000 katika soko la London. Ladha haikupanda pamoja na bei.

La mwisho ni kwamba kuchanganya ni kutudanganya. Napoli wanachanganya kwa makusudi, maana robusta huipa espresso povu nene na uzito, na hakuna anayejiona kaibiwa. Ila hapa walalamikaji wana hoja moja ambayo naiunga mkono kwa moyo wote: pakiti nyingi haziandiki kilichomo. Ziandike robusta ni asilimia ngapi, arabika ngapi, imetoka wilaya gani na imekaangwa lini. Mkulima wa Muleba au Karagwe anastahili jina la kwao lisomeke dukani Arusha, kama jina la Meru linavyosomeka ughaibuni.

Kwa sasa, nunua punje nzima na uzimwage mezani. Ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake umepinda; ya robusta ni ya mviringo, mfereji umenyooka. Tenga mafungu mawili, uhesabu.