Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: Waya wa Sola Uuzwe kwa Ukubwa Wake wa Kweli

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania,
Ubungo, Dar es Salaam.

YAH: WAYA UNAOUA BETRI ZA WANANCHI

Mimi ni fundi umeme. Kazi zangu nyingi ziko Chamazi, Mbande na vitongoji vingine vya pembezoni mwa Temeke, na mara mojamoja naitwa Mabwepande, upande wa Kinondoni, kule walikopewa viwanja wenzetu waliohamishwa bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Sehemu hizi nyumba hutangulia, nguzo hufuata. Mtu akishapaua anahamia, na hapo katikati anaishi kwa sola: paneli moja, betri moja, taa tatu, redio na chaji ya simu. Akienda dukani anauliza wati za paneli na anauliza ukubwa wa betri. Waya hauulizi. Anapimiwa mita anazotaka, anaondoka.

Nikueleze la kinyozi mmoja wa Mbande. Kibanda chake kiko chini ya mkorosho. Kivuli hicho ndicho kinachomletea wateja mchana, na ndicho kinachomnyima jua, kwa hiyo paneli yake ya wati 100 ameiweka juu ya bati la jirani, mita 12 kutoka ilipo betri. Aliniita kwa sababu betri ya pili ilikuwa inamfia. Ya kwanza haikumaliza mwaka. Alishaamini ameuziwa betri feki, akawa anataka nimsindikize Kariakoo akadai haki yake.

Betri sikuigusa kwanza. Saa saba mchana nilipanda juu na mita: kwenye paneli, volti 15.6. Nikashuka, nikapima kwenye kontrola inayoongoza chaji ya betri: 13.4. Ampia zilizokuwa zinapita zilikuwa 5. Volti 2.2 zimepotelea njiani. Nikakata kipande cha waya, nikakikwangua kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu wa shaba, ndani mweupe wa alumini. Kwenye ganda umeandikwa 1.5, yaani milimita za mraba.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo betri inapofia. Betri ya risasi ya volti 12 haijai mpaka ifikishwe kwenye volti 14.4 hivi na ishikiliwe hapo kwa muda. Kwa waya ule, paneli ingelazimika kusukuma volti 16.6 ili betri ipate 14.4. Volti 18 zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani, kwenye nyuzi joto 25. Juu ya bati la Dar es Salaam mchana paneli inapita nyuzi 60, na volti zake za kufanyia kazi zinashuka hadi karibu na 15.5. Ukiilazimisha ipande zaidi, ampia zinaanguka. Jua linazama betri haijajaa. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, na kila siku salfeti inazidi kugandia kwenye bamba za risasi mpaka inakuwa ngumu haitoki tena. Mwenye betri anaona imekufa ghafla, kumbe ilikuwa inakufa njaa tangu siku ya kwanza.

Mafundi wenzangu siwalaumu. Tumefundishwa nyaya za nyumba: taa 1.5, soketi 2.5, basi. Kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230, ukipoteza volti 2.2 hujapoteza hata asilimia moja. Kwenye volti 12 umepoteza karibu moja ya tano. Na waya wenyewe haukuonyi, maana kwa ampia 5 haupati moto wa kuuhisi kwa mkono. Hesabu ni nyepesi, ila hakuna aliyetuwekea mkononi: mita za kwenda na kurudi, mara ampia, mara 0.0172 ambayo ni ukinzani wa shaba, gawanya kwa volti unazokubali kupoteza. Kwa kinyozi ni 24 mara 5 mara 0.0172, gawanya kwa 0.36, ambayo ni asilimia tatu ya 12. Jibu ni 5.73. Kwa hiyo waya wa milimita 6 za mraba. Yeye alikuwa na 1.5, tena ya uongo.

Uongo huo unapimika. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 hakiutazami unene wa waya kwa macho, kinautazama ukinzani: waya mgumu wa shaba wa 1.5 usizidi omu 12.1 kwa kilomita. Mita 24 zilipaswa kuwa na omu 0.29, ongeza kidogo kwa ajili ya joto. Volti 2.2 kwa ampia 5 ni omu 0.44.

Ninaloomba ni hili. Kila waya unaouzwa kwa ajili ya sola uwe umeandikwa kwenye ganda, mita kwa mita, ukubwa wake wa kweli na kama ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba. Wakaguzi wenu wanapopita madukani wapime ukinzani wa roli nzima, wasisome lebo tu. Na kila paneli ndogo iingie sokoni na karatasi moja ya Kiswahili yenye jedwali: ampia hizi, mita hizi, waya huu. Karatasi hiyo iseme pia kwamba fyuzi inakaa karibu na betri, na kwamba inveta ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampia 83, hivyo haifungwi kwa nyaya za taa. Wenzetu Kenya tangu kanuni zao za sola za mwaka 2012 wanatoa leseni kwa fundi wa sola hata wa mifumo midogo ya wati 100. Leseni najua si kazi ya ofisi yako. Waya ni kazi yako.

Kinyozi tulimbadilishia, tukaweka shaba ya 6. Sasa njiani hapotezi hata nusu volti. Betri ile ya pili haikurudi yote. Inamfikisha saa mbili usiku, na wateja wake wengi huja baada ya hapo, wakishashuka kwenye daladala.

Kipande cha waya wa zamani ninacho, mita tatu, na maandishi yake yanasomeka. Nipo tayari kukileta Ubungo siku yoyote mtakayonipangia, kipimwe maabara mbele yangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi umeme,
Chamazi, Temeke.