Pikipiki jangwani

Sisi wa Isangi tuna maji kila upande: Lomami hapa, mto Kongo pale. Ni vigumu kuwaza mtu akiendesha pikipiki kutwa nzima bila kuona mti wala kisima. Lakini kaskazini mwa Kenya, kaunti ya Marsabit, kuna jangwa la Chalbi, mashariki ya ziwa Turkana. Zamani nalo lilikuwa ziwa. Leo ni uwanda wa chumvi na udongo mkavu, na wasafiri wa pikipiki hulivuka wakipitia Maikona, Kalacha penye chemchemi, na North Horr.

Ajabu ni kwamba hata kule kuna matope! Mvua ikinyesha, uwanda hugeuka bwawa na magurudumu huzama. Anayejua njia hangangani nayo, hungoja pakauke.

Vijana wetu wanaopeleka mizigo njia ya Buta au Opala hawangoji, maana wanaogopa hasira ya mwenye mzigo. Mimi hapo namlaumu mwenye mzigo kuliko kijana, na mara nyingi mwenye mzigo ni sisi wamama.

Wa jangwani hubeba maji mengi, bidoni ya mafuta ya akiba na vifaa vya kuziba tairi, na haendi peke yake. Tena huacha neno: nitalala wapi, nisipofika siku fulani mnitafute. Hilo haligharimu hata franka moja. Kijana akifunga mchele wako alfajiri, mwulize atalala kijiji gani, na umwambie mvua ikimkuta, mchele utangoja.