Jembe Si Gongo

Nimesoma makala ya ndugu yetu anayedai kwamba watoto wa Mgeta na Kinole hawahitaji mwalimu wa softiboli: wamekua na jembe mkononi, wapewe tu gongo (la mti, si lile la chupa) wapige. Hoja tamu, ila huyu hajawahi kushika gongo.

Huko Mgeta na Kinole, kwenye milima ya Uluguru, mkulima huinua jembe juu ya bega, likashuka kwa uzito wake, na ardhi haikimbii. Mpira wa softiboli hurushwa mkono ukitokea chini, ukipita nyongani. Kwa wanawake mrushaji husimama mita 13.1 tu kutoka kwa mpigaji, akiutupa kwa kilomita 100 kwa saa, unafika kabla ya nusu sekunde. Binti aliyezoea jembe atauchapa kutoka juu, utambae hadi kwa mdakaji wa karibu, na binti ametoka.

Nakubali, mshiko wa watoto hawa haulegei. Lakini nguvu haiko mabegani. Mguu wa mbele unakanyaga, nyonga zinageuka, ndipo mikono inafuata. Chomeka mti wa urefu wa kiuno, weka juu yake mpira wa matambara, apige mara hamsini. Mwalimu atazame kisigino cha mguu wa nyuma tu: kisipoinuka, nyonga hazijageuka.

Dar es Salaam, pale shule ya sekondari ya Azania, kuna uwanja wa besiboli na softiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Sijasikia kwamba mazoezi yake huanza kwa kuuliza nani anajua kulima.