Amana ya Mpimaji wa Dawa

Enyi vijana wetu, na nyinyi wazazi wao,

Mwezi huu twapenda kuitaja kazi moja ambayo majumbani mwetu haitajwi sana. Mtoto akifaulu katika elimu ya viumbe na kemia, sisi wazee humtakia udaktari. Asipoupata, twaona kana kwamba elimu yake imepotea bure. Ilhali nyuma ya daktari yuko mtu asiyemwona mgonjwa wala mgonjwa hamwoni, na dawa haitoki kiwandani mpaka naye aseme neno lake. Huyo ndiye mpimaji wa vijidudu katika maabara ya kiwanda cha dawa.

Kazi yake ni kutafuta kisichoonekana kwa macho. Maji ambayo sisi twayaona safi, yakatutosha kwa kunywa na kwa udhu, huenda yasifae kabisa kutiwa katika mshipa wa mgonjwa. Maji ya kutengenezea dawa za sindano hayatakiwi kuzidi vijidudu 10 katika mililita 100. Katika chumba cha kujazia dawa huweka visahani vyenye chakula cha vijidudu, kwa muda usiozidi saa 4, kisha huvitia katika kabati la joto aone kitakachoota. Hata watu wa chumba hicho hupimwa. Ndevu hufunikwa, pete na saa huvuliwa, wala wanja na poda haviingii. Na kila mmoja hubonyeza juu ya kisahani ncha za vidole vilivyovikwa glovu. Penye daraja la juu kabisa la usafi, haitakiwi kuota hata doa moja. Mwisho, chupa chache za dawa hutolewa katika fungu zima, zikatiwa katika chakula cha vijidudu na kungojewa siku 14.

Huenda msomaji akasema: basi, chupa zikisha kupimwa hofu imekwisha. Sivyo. Natufanye hesabu. Tuseme katika kila chupa 100 imo 1 iliyoingia vijidudu, na mpimaji achukue chupa 20. Akipima hivyo mara 100, mara 82 hivi hataigusa hata chupa moja mbovu, na fungu lote litapita. Kwa hiyo usalama haupatikani kwa kipimo cha mwisho peke yake. Wapatikana pale kila mtu, tangu mwenye kuchota maji mpaka mwenye kuchemsha chupa, anapoandika aliyoyaona kama alivyoyaona.

Uingereza walilijua jambo hili kwa msiba. Mwanzoni mwa mwaka 1972, katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth, wagonjwa walitiwa mishipani maji ya sukari yaliyokuwa na bakteria, na vifo vya watu 5 vikahusishwa nayo. Kamati iliyoongozwa na Clothier ikachunguza, na taarifa yake ikatoka mwaka huo huo. Ilionekana kuwa chupa hizo zilipitishwa katika chombo cha mvuke mwezi wa Aprili 1971, lakini hewa ilibaki ndani yake, na chupa za chini hazikupata joto la kutosha. Kipimajoto kimoja kilisema kweli kuwa joto halikupanda. Wahusika wakadhani kimeharibika, wakafuata kipimo kingine. Hapana aliyekusudia kuua. Alipuuzwa shahidi mmoja tu, kwa kuwa maneno yake hayakulingana na yaliyotarajiwa.

Hapa ndipo ilipo amana ya kazi hii. Kijana yuko peke yake maabara, usiku umeingia, kisahani ki mbele yake na doa moja limeota. Dawa ya mali nyingi yangoja kutoka. Mkubwa wake ameuliza mara mbili. Pengine kisahani chenyewe ni cha vidole vyake mwenyewe, na kuandika 1 ni kujishitaki. Akiandika 0, nani atajua? Kisahani kitatupwa, lakini daftari litabaki na uongo, na yule mgonjwa aliyelala mbali hana wa kumsemea. Kijana asiyeweza kuandika 1 saa hiyo, na asiifanye kazi hii, hata awe na vyeti vya namna gani.

Na ujasiri huo haufunzwi chuoni peke yake. Huanza nyumbani, siku mtoto anapokuja kwa mamake akasema, “Mimi ndiye niliyevunja kikombe.” Tukimpiga kwa kusema kweli, tumemfunza kuandika 0. Tukimstahi kwa ukweli wake, kisha tukamwonyesha namna ya kujihadhari, tumemtayarisha.

Basi kijana wa kiume au wa kike apendaye elimu hii, msimzuie. Asome, aifanye kwa uangalifu, na Mwenyezi Mungu amjaalie kuwa mwaminifu pale asipoonwa na mtu. Amin.