Kusaini, Kutia Sahihi na Kusainishwa: Hoja Kutoka Tunduma

Baadhi ya walimu wa Kiswahili huwakosoa wanafunzi wanaoandika kusaini na kuwataka waandike kutia sahihi. Wanadai kwamba kitenzi hicho ni cha Kiingereza na kwamba Kiswahili hakikukihitaji. Tunaona kuwa dai hilo halijitoshelezi. Kwanza, sahihi nalo ni neno la mkopo, lenye asili ya Kiarabu. Pili, na hili ndilo la msingi, istilahi hizi mbili hazibebi maana moja.

Kitenzi sign kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na chimbuko lake ni neno la Kilatini signum, yaani alama. Hapo awali kilihusu kufanya ishara ya msalaba. Maana ya kuandika jina chini ya hati ilifuata baadaye. Kwa asili, basi, anayesaini anaweka alama tu. Sahihi, kwa upande wake, ni kitu cha kweli kisicho na kasoro. Anayetia sahihi anathibitisha ukweli wa yaliyoandikwa.

Tofauti hii hudhihirika Tunduma, mkoani Songwe, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hayavuki mpaka bila nyaraka. Ng'ambo ya pili, Nakonde, wasemaji wa Kibemba husema ukusaina. Wamekipa kitenzi hicho kiishio -a cha Kibantu. Kiswahili kimeiacha -i, kwa kuwa kilikwisha kuzoea vitenzi vya mkopo kama jibu, fikiri na safiri. Hata hivyo, mnyambuliko haukuzuilika: sainia, sainiwa, sainisha, sainishwa.

Umbo hilo la mwisho ndilo kiini cha hoja yetu. Dereva mmoja tuliyezungumza naye mjini humo alikuwa ameandika jina lake chini ya hati ya Kiingereza asiyoweza kuisoma. Hakusema "nilisaini", wala "nilitia sahihi". Alisema, "Nilisainishwa." Kwa neno moja alibainisha kuwa mkono ulikuwa wake, lakini ridhaa haikuwa yake. Kiingereza chenyewe kingehitaji kirai kizima ili kueleza jambo hilo. Kutia sahihi nako hakutoi msaada, kwani sahihisha tayari ina maana ya kuondoa makosa.

Suala hili si la darasani pekee. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mwandishi wa kumbukumbu aliyefunzwa kwamba kusaini ni Kiswahili kibovu aweza kuandika "alitia sahihi" pale shahidi aliposema "nilisainishwa". Kwa kufanya hivyo hatakuwa amesafisha lugha. Atakuwa amebadili ushahidi. Ni rai yetu, kwa hiyo, kwamba maneno yote mawili yafundishwe, kila moja kwa maana yake, na kwamba kauli ya kutendeshwa ipewe nafasi inayostahili katika kamusi na vitabu vyetu vya sarufi.