Tahadhari: Mapigo 126 na Hakuna Aliyeitwa

Zamu ya usiku wodini mara nyingi ina muuguzi mmoja na wagonjwa wengi. Lazima asaidiwe. Hilo halina ubishi. Hatari iko katika namna kazi inavyogawiwa: mlangoni, mbiombio, kwa maneno machache. "Kampime presha yule wa kitanda cha sita."

Mhudumu wa afya anapima. Anaandika. Anarudi kudeki.

Hakuna anayesoma.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuvuja damu tumboni bila tone kuonekana kwenye shuka. Mara nyingi mapigo ya moyo ndiyo hutangulia kupanda. Presha huja kushuka baadaye, mwili ukiwa umeshachoka kujitetea. Mapigo 88. Kisha 104. Kisha 126. Namba zote zimo kwenye chati, kwa mwandiko safi. Mhudumu ametimiza alichoagizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba 126 ni namba ya kukimbia nayo. Kukipambazuka, chati imejaa na mama hayupo.

Lawama zote akitupiwa mhudumu, ni dhuluma. Kazi inakabidhiwa. Dhamana haikabidhiwi.

Zipo pia kazi zisizokabidhiwa kabisa. Insulini nyingi za chupa zina yuniti 100 katika mililita 1. Yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Mabomba ya insulini yakiisha, asiyejua huchukua bomba la kawaida na kuvuta mililita nzima. Hiyo ni dozi mara 10. Sukari huporomoka mgonjwa akiwa amelala, na gizani hakuna anayemwona akilowa jasho.

Mama mwenye kifafa cha mimba naye, kabla ya kila dozi ya magnesiamu salfeti, ahesabiwe pumzi: zisipungue 16 kwa dakika. Goti ligongwe, liitike. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Sumu ya dawa hii huzima pumzi. Mwanafunzi asiachiwe dozi hiyo peke yake. Mhudumu asiachiwe.

Na ndugu wa mgonjwa? Tumezoea kuwaachia mpira wa puani na kikombe cha uji. Mpira ukihama, uji unaingia mapafuni. Ndugu hana namna ya kujua.

Kwa hiyo, kuanzia zamu ya leo, muuguzi anayetuma ataje jina la mgonjwa, kwani vitanda hubadilishwa. Ataje saa ya kupima. Ataje namba ya hatari: "Mapigo yakipita 110, au presha ya juu ikishuka chini ya 90, niite papo hapo, hata nikiwa chumba cha kujifungulia." Mhudumu arudie agizo kwa kinywa chake. Kisha muuguzi arudi mwenyewe kitandani, asome chati, amtazame mgonjwa.

Arudi. Hapa ndipo wengi huanguka.

Mhudumu naye aruhusiwe kusema, "Sista, hii sijafundishwa." Kauli hiyo isihesabiwe utovu wa nidhamu. Anayeikaripia leo atafichwa kosa kesho.

Muuguzi kiongozi wa wodi aandike kazi zisizokabidhiwa, kwa herufi kubwa, abandike karatasi penye kabati la dawa. Ibandikwe leo, kabla zamu ya usiku haijaingia.